Leseni ya Bunduki Haimsubiri IGP Mpya

Kila Rais anapobadilisha Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP), hofu za wenye bunduki Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, huamka upya. Hoja zenyewe mmezisikia, na wengi wenu mmezisikia tena na tena tangu Julai 20, 2022, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipomteua Camillus Wambura kuwa IGP na kumpangia Simon Sirro ubalozi wa Zimbabwe. Nitazieleza kama wasemaji wake wanavyozieleza, bila kuzipunguza makali. Hukumu ni yenu.

Hoja mama ni hii: IGP mpya akiingia, huanza na raia wenye silaha. Uhakiki hutangazwa, leseni hutikiswa, bunduki hurudishwa kituoni. Anayesema hivyo huja na ushahidi, na ushahidi wake ni wa kweli: uhakiki wa silaha wa mwaka 2016. Basi tuukague huo huo. Mwaka 2016 IGP alikuwa Ernest Mangu, na alikuwa ameshakaa kitini zaidi ya miaka miwili. Hakuwa mpya. Kilichokuwa kipya ni Rais, na sheria: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya 2015, iliyopita bungeni wakati wa Rais Kikwete. Rais Magufuli mwenyewe alihakikiwa silaha zake mwaka ule. Mei 2017 Mangu akaondoka, Sirro akaingia. Kama hoja ingekuwa sahihi, hapo ndipo leseni zingefutwa. Hazikufutwa. Zimevuka kutoka kwa Mangu kwenda kwa Sirro, na kutoka kwa Sirro kwenda kwa Wambura, chini ya sheria ile ile.

Sisi wa Kagera tuna mfano wa karibu zaidi, na nashangaa wasemaji hawa huuruka. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani mkoani kwetu, alitoa siku 14: wahamiaji haramu waondoke, wenye silaha haramu wazisalimishe. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga, Kagera, Kigoma na Geita, ikiwa na wanajeshi na polisi pamoja. IGP alikuwa nani? Said Mwema, aliyeshika ofisi tangu 2006 na aliyekuwa amebakiza miezi michache tu. Mitikisiko miwili mikubwa ya silaha katika kumbukumbu zetu za karibu, na yote miwili iliwakuta ma-IGP wakongwe. Amri ya Kagera ilitoka kwa Rais hadharani. Anayetaka kujua lini mambo yatabadilika afuatilie Ikulu na Bunge kabla ya kuhesabu nyota begani kwa afande.

Hoja ya pili ina akili zaidi. Inasema Wambura alitoka upelelezi, na mpelelezi humwona kila mwenye bastola kuwa mshukiwa. Tena ni yeye, akiwa mkuu wa upelelezi (DCI), aliyetangaza Septemba 2021 matokeo ya uchunguzi wa shambulio la Agosti 25 karibu na Ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam, ambako kijana mmoja aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi. Magazeti yaliripoti kwamba kijana yule alimiliki bastola kihalali. Kwa hiyo, wanasema, mtu aliyeshika faili lile hawezi kumwamini raia mwenye leseni.

Nawasifu kwa kumbukumbu. Lakini watu hawa hawa, kabla kikombe hakijapoa, watakwambia IGP hana ubavu wowote, ni mtu wa Rais, huagizwa akatekeleza. Wachague moja. Kama huagizwa tu, alikotoka hakuna uzito. Kama anaweza kuwabana wenye leseni kwa hisia zake, basi si wa kuagizwa tu. Halafu waangalie kilichofuata uteuzi wake. Septemba na Oktoba 2022 serikali ilitangaza msamaha: mwenye silaha haramu aisalimishe kwa hiari, hatashtakiwa. Kwa mtu anayedaiwa kuja na rungu, huo ni mwanzo wa ajabu.

Wapo waliojibu kwamba msamaha wenyewe ni mtego wa kuwaorodhesha wenye leseni. Hili halihitaji muda. Mwenye leseni ameshaorodheshwa. Ndiyo maana ya leseni. Na Septemba haikubuniwa na polisi wetu: Umoja wa Afrika uliutenga mwezi huo tangu 2017 kwa kusalimisha silaha haramu.

Sasa tufike kwenye hoja inayostahili heshima, ile ya mpaka. Inasema Kagera si Dodoma. Hapa ilipita vita na Uganda ya 1978 na 1979. Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, na silaha za kivita zikavuka katika miaka ile. Barabara za Biharamulo zilijulikana kwa utekaji, mabasi yakasindikizwa na askari. Kwa hiyo IGP mwenye busara alegeze masharti kwa wakazi wa huku. Historia hiyo siikatai hata nukta. Ninachokataa ni hitimisho.

Nendeni Goziba au Bumbire, visiwa vya Muleba, usiku wa dagaa. Mvuvi amewasha taa juu ya maji, anaonekana toka mbali. Anayemjia yuko gizani. Majambazi wanataka injini na nyavu. Mpeni mvuvi huyo bunduki yenye leseni: sasa majambazi wana vitu vitatu vya kuchukua badala ya viwili. Hapo ndipo wasemaji wetu wanapojikwaa wenyewe. Wanatuambia silaha haramu ndizo tatizo, si za halali, kana kwamba ni koo mbili zisizooana. Bunduki halali iliyoporwa kisiwani saa nane usiku ni silaha haramu saa nane na dakika moja. Boti ya doria yenye mafuta ingemfaa mvuvi yule kuliko kulegezewa masharti. Hilo ni dai halali kabisa kwa IGP yeyote, na ndilo sijawasikia wakilidai.

Kuna pia dhana kwamba kalamu ya IGP ndiyo inayoamua nani apate, hivyo tusubiri mwenye mkono mwepesi. Maombi hayaanzii Makao Makuu. Huanzia kijijini, kwenye muhtasari wa kikao wenye mhuri wa mtendaji, yakapanda kwa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha mkoa, ndipo yafike juu. Sheria inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25. Lakini kama ana hasira za pombe, au ana mgogoro wa mpaka wa kibanja na jirani yake, hilo linajulikana huku Muleba, Nshamba na Kamachumu, halijulikani Dodoma. Jirani huyo huyo anaweza kuwa mjumbe wa kikao, akamnyima mtu mwema kwa chuki. Na mwombaji hatari anaweza kupitishwa kwa soda mbili. Mchujo unapovuja, huvujia hapa, na hakuna uteuzi wa Ikulu unaouziba.

Hoja ya mwisho hutolewa na wasomi: laiti IGP angethibitishwa na Bunge kama Kenya, wenye silaha wangekuwa na ngao. Ni kweli Katiba ya Kenya ya 2010 inataka Bunge limwidhinishe Inspekta Jenerali, na inampa kipindi kimoja cha miaka 4, wakati wetu hana ukomo kama huo; Omari Mahita alikaa takriban miaka 10. Joseph Boinnet alipita mlango huo mwaka 2015. Desemba 2018, Boinnet akiwa bado kazini, Waziri wa Mambo ya Ndani Fred Matiang'i aliwapa wenye leseni wote Kenya siku 90 wachunguzwe upya. Idhini ya Bunge kwa Boinnet haikumwondolea mwenye bastola hata mmoja foleni ile. Mimi naunga mkono Bunge kumhoji IGP wetu, kwa sababu za mahabusu, za upelelezi, na za yale yaliyoifanya Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ipendekeze mwaka 2023 Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya. Anayeiuza hoja hiyo kwa wenye bunduki wa Muleba anawauzia bidhaa ambayo Kenya waliinunua kabla yetu, na dukani haikuwa na ngao ndani yake.