Hoja Tatu kwa Kila Kitabu

Nilifika Tabora usiku, nikamkuta mpwa wangu sebuleni kwa dada anapiga msuli. Miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi asisinzie, kama tulivyofanya sisi bwenini. Mkononi ana kijitabu cha uhakiki, kile chenye maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Unasoma nini?"

"Takadini."

"Haya, nisimulie. Inakuwaje?"

Akanitazama kama nimemwomba acheze ngoma. "Mjomba, hiyo haiulizwi. Wanauliza dhamira."

Akazimwaga dhamira zenyewe bila kuvuta pumzi: mila potofu, mapenzi ya mama kwa mtoto, ukombozi. Hoja tatu kwa kila kitabu, kama swali linavyotaka. Nikamuuliza mama wa Takadini anaitwa nani. Kimya. Nikamuuliza alikimbia kwa nini. "Kwa sababu ya mila potofu."

Ningecheka, ila mimi mwenyewe nilifaulu hivyo hivyo. Niliandika kurasa kadhaa safi kuhusu Takadini kwenye mtihani wa kidato cha nne, nikapata alama nzuri, na kitabu chenyewe sikuwahi kukifungua. Nimekuja kukisoma nikiwa na miaka 28, ndani ya basi, nikiwa tayari mwandishi wa habari ninayejiita mpenzi wa fasihi. Sekai anamzaa mtoto mwenye ualbino, anaambiwa mtoto huyo hapaswi kuishi, anambeba na kutoroka naye. Hilo ndilo lililokaa nyuma ya maneno mawili niliyoyakariri. Na mimi nimekulia huku, mikoa ya magharibi, jirani na Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya imani za uganga. Darasa zima tuliandika "mila potofu" na kuweka nukta. Hakuna aliyemfikiria mtu yeyote.

Kwa hiyo wanaosema kukariri ni tatizo dogo, mtoto atafaulu kwanza halafu asome baadaye, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Baadaye ipi? Wengi wetu tuliofaulu kwa vijitabu hatukurudi kwenye vitabu. Tulijifunza kwamba riwaya ni kitu cha kukamua hoja, na kikishakamuliwa kinatupwa.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba hata kwa hesabu ya alama tu, njia hii ni mbovu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivirudia kusoma. Wengine walivisoma mara moja, kisha wakaandika wanachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na asilimia 56 hivi, wenzao 42. Yaani kurudia rudia kunakupa hisia kwamba unajua, na hisia hiyo inadumu mpaka unapolala. Mwanafunzi anayekesha na kijitabu anasoma kitu kile kile mara kumi, kinazoeleka machoni, anadhani kimeingia.

Mji huu ungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi, achilia mbali vyombo vyao wenyewe. Walikuwa watu wa kazi, wenye kanuni zao na wanaojua kugomea ujira. Walianza kutembea alfajiri, wakapiga kambi kabla jua halijawa kali, kesho yake tena. Hakuna aliyebeba ule mzigo usiku kucha akidhani ataamkia Ujiji. Lakini watoto wetu tunawaachia silabasi ya miaka miwili waibebe wiki mbili za mwisho, kisha tunawasifu kwa majirani: "Huyu halali, anasoma."

Halafu tunajivunia Nyerere, kwamba aliingia Tabora Boys mwaka 1937 na baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa. Sawa. Mtu yule alitafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice kwa Kiswahili. Hebu jaribu kutafsiri tamthilia kwa kutumia kijitabu cha dhamira! Kila mstari unakuuliza: umeelewa au umepita tu?

Dada yangu, ambaye ni mkali kuliko mimi, alinijibu asubuhi: "Nakala ya riwaya wanagombania wanafunzi wangapi, unajua? Kijitabu kinauzwa pale dukani, bei nafuu. Na wewe kilikupeleka chuo." Kuhusu nakala ana haki, na lawama hiyo si ya mtoto wala ya mama yake. Kuhusu chuo, nilimwambia kilinipeleka, lakini mwaka wa kwanza nilipopewa kitabu kisicho na majibu nyuma nilikuwa kama kipofu sokoni. Hakuridhika.

Hata hivyo mpwa wangu alikubali tujaribu. Nilikuwa na nakala yangu ile ya kwenye basi. Tulikubaliana asome sura moja mchana, aifunge, anisimulie kwa maneno yake. Akikwama asifungue haraka, ahangaike kwanza, ndipo achungulie. Kesho kutwa asimulie tena sura ile ile, halafu wiki ijayo. Saa nne usiku alale. Hoja atazitoa mwenyewe, na akitoa mbili badala ya tatu nitazipokea.

Siku ya kwanza alisimulia dakika mbili akakwama. Akanuna, akasema kijitabu ni rahisi zaidi. Ni kweli, ni rahisi zaidi. Siku ya tatu alifika pale Sekai anapotoroka na mtoto, akanyamaza, nikadhani amesahau.

"Mjomba, baba yake alikubali auawe?"

Nikamwambia asome mbele.

Nimeondoka nimemwachia nakala. Mtihani ni Novemba, na dada bado ananipigia simu kuniuliza nani atalaumiwa.