Mjane na Nishani ya Marehemu Mumewe

Wiki hii tumependelea kuzungumza juu ya nishani za vita. Tunajua kwamba jambo hili huonekana kuwa la askari na serikali zao, wala si la nyumba zetu. Lakini kisa tutakachokisimulia, ingawa kilianza vitani, kilibebwa miaka yake ya mwisho na mwanamke mjane, mtu mzima wa makamo ya bibi zetu, katika jimbo la Maryland huko Marekani. Kwa sababu hiyo tumeona kinatuhusu.

Mumewe aliitwa Waverly Woodson. Alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Philadelphia, kijana mweusi aliyekuwa akisoma kwa matumaini ya kuwa daktari. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto aliyaacha masomo akajiunga na jeshi. Alifaulu mtihani wa kusomea uafisa, lakini jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga watu kwa rangi, akaambiwa kwamba hapana nafasi ya afisa mweusi pale alipokusudia. Akafundishwa kazi ya kutibu majeruhi, akapelekwa kwenye kikosi cha 320, kikosi cha askari weusi kilichokuwa na kazi ya kurusha maputo makubwa yaliyofungwa nyaya za chuma ili ndege za adui zisipate kushuka chini.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944 majeshi yalipoteremka katika ufuo wa Omaha, pwani ya Ufaransa, chombo alichopanda Woodson kilipigwa kabla ya kufika nchi kavu. Vipande vya chuma vikampasua mwilini. Wenzake wakamfunga jeraha, naye akashuka. Alikuwa na umri wa miaka 21. Pale mchangani, huku risasi zikinyesha kutoka vilimani, alitengeneza mahali pa kutibia akaanza kazi: kutoa risasi, kufunga vidonda, kunyoosha mifupa iliyovunjika, kuwatia plazma waliopungukiwa na damu. Mmoja alimkata mguu uliokwisha kuharibika. Na baadaye, wakati yeye mwenyewe hajiwezi kwa maumivu, aliitwa kuwapulizia pumzi askari waliotolewa majini wakiwa karibu kufa. Alifanya hayo kwa muda wa saa 30 mfululizo, mpaka akaanguka. Inakadiriwa kuwa walipita mikononi mwake majeruhi wasiopungua 200, weusi kwa weupe. Na mtu aliyelala mchangani akivuja damu hakuuliza mkono uliomfunga kitambaa una rangi gani.

Kwa kazi hiyo alipewa Nyota ya Shaba. Ni nishani ya heshima, hatuidharau. Lakini katika ngazi za nishani za ushujaa za Marekani, juu yake iko Nyota ya Fedha, na juu ya hiyo iko ile waiitayo Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, na juu kabisa iko Nishani ya Heshima, ambayo aghalabu rais mwenyewe ndiye huitoa. Mkubwa wa kikosi cha Woodson alimpendekeza kwa ile ya pili kutoka juu. Ofisi ya jemadari John Lee, aliyekuwa akisimamia mahitaji ya jeshi huko Ulaya, ikaona hata hiyo haimtoshi, kijana anastahiki ile ya juu kabisa. Habari hizo zinajulikana kwa sababu ya karatasi moja tu iliyosalia, barua fupi ya wakati wa vita iliyoandikiwa ofisi ya rais. Pendekezo lenyewe halijapatikana hata leo.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Katika vita vile Marekani ilitoa Nishani za Heshima zaidi ya 400, wala hapana hata moja iliyomwendea askari mweusi wakati wa vita. Jambo hilo lilikaa hivyo kwa nusu karne. Mnamo miaka ya 1990 jeshi likaagiza uchunguzi, na tarehe 13 Januari 1997 Rais Bill Clinton akawatunuku askari weusi saba. Sita kati yao walikuwa wamekwisha kufariki. Aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker. Jina la Woodson lilitazamwa katika uchunguzi huo, lakini watafiti hawakuona karatasi za kutosha, likaachwa. Yeye mwenyewe alikuwa hai wakati huo, amestaafu baada ya miaka mingi ya kazi katika maabara za tiba za Bethesda, karibu na Washington. Udaktari aliouota hakuupata.

Na karatasi zilikuwa wapi? Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jumba la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa upande wa jeshi la nchi kavu, kiasi cha asilimia 80 ya mafaili ya walioacha jeshi kati ya mwaka 1912 na 1960 yaligeuka majivu. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tunaona ushujaa nao ni mali ya namna hiyo.

Waverly Woodson alifariki mwaka 2005. Mkewe Joann, waliyeoana mwaka 1952, ndiye aliyebaki na jambo hilo. Sheria ya Marekani imeweka muda wa kupendekeza nishani kubwa, na muda ukipita mlango hufungwa, ila mjumbe wa Bunge lao akiomba kwa maandishi jambo litazamwe upya. Hapo hutakiwa ushahidi: pendekezo la mkubwa wa wakati ule na maneno ya walioona kwa macho yao. Mama huyu mkubwa wake amekufa, mashahidi wamekufa, faili limeungua. Alichokuwa nacho ni taarifa za magazeti za mwaka 1944, barua ile fupi, na utafiti wa mwandishi Linda Hervieux, aliyetoa kitabu juu ya kikosi cha 320 mwaka 2015. Kwa hayo machache akasimama, umri umepita miaka 80, akawaandikia wakubwa, akawapokea waandishi wa habari, akasimulia mara ile na mara nyingine kisa kile kile. Seneta wa jimbo lake, Chris Van Hollen, akalichukua jambo hilo na kulipigania.

Tulipokuwa tukikijadili kisa hiki, mmoja wetu alitia swali ambalo hatukuweza kulipuuza. Alisema: marehemu alitenda wema, na wema haufanyiwi kwa kutaka kusifiwa, je, kumdaia cheo kikubwa zaidi baada ya kufa si kuugeuza wema wake kuwa kitu cha kuonyesha watu? Tulikaa na swali hilo muda. Sisi sote tumelelewa kuogopa ria, na ni malezi mema. Lakini tumeona kuna tofauti baina ya mtenda na jamaa zake. Mtenda akijisifu, wema wake hupungua. Jamaa wakinyamaza ilhali daftari limeandikwa kwa upendeleo, dhuluma ndiyo husitirika. Woodson hakuwa mtu wa kujitangaza. Wala mjane hakuomba mumewe atukuzwe kuliko wenziwe. Aliomba apimwe kwa kipimo kile kile walichopimiwa wao. Mtu akipunjwa kwenye mizani sokoni, hatumwambii kwamba kudai ratili iliyobaki ni uroho.

Na sisi huku tusijione tuko mbali sana na jambo hili. Vijana wa Kenya walichukuliwa katika vita vivyo hivyo na jeshi la Keya, wakapelekwa Uhabeshi na Burma. Waliorudi na nishani, aghalabu ilitiwa mkebeni pamoja na cheti cha kuachiwa jeshi, mkebe ukawekwa juu ya kabati, na aliyejua ilipatikana kwa tendo gani ni mke wa mzee peke yake. Bibi huyo akitoka duniani bila ya kuulizwa, wajukuu hubaki na kipande cha chuma chenye utepe uliochujuka. Mama zetu wamekuwa daftari la nyumba nyingi, wala hatudhani kwamba tumewasoma vya kutosha.

Mwezi Juni 2024, siku chache kabla ya kutimia miaka 80 tangu asubuhi ile ya Omaha, ilitangazwa kwamba Waverly Woodson ametunukiwa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka. Si ile ya juu kabisa. Ni ile aliyoombewa na mkubwa wake tangu mwaka 1944. Kwa maneno mengine, serikali ilichukua miaka 80 kukubali ombi la kwanza, na lile la pili la ofisi ya jemadari limebaki pale pale. Wako waliosema kwamba hilo linatosha. Sisi hatukuridhika sana, lakini hatukuwa sisi tuliongoja.

Aliyengoja alikuwa na umri wa miaka 95. Kabla ya nishani kufikishwa kwa familia, askari wa Marekani waliichukua mpaka Ufaransa, kwenye ufuo ule ule ambapo kijana wa Philadelphia aliwatibu wenziwe mchana na usiku. Joann Woodson alikuwa amekwisha kusema zamani kwamba nishani ya juu ya mumewe ikipatikana hataiweka nyumbani kwake. Ataitoa kwa jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi huko Washington, wapate kuiona watoto wa watu wengine.