Tairi la mtumba huficha ugonjwa ndani

Mfanyabiashara wa Mchesi, jijini Lilongwe, anayepakia mzigo Dar es Salaam, huutuma safari ya zaidi ya kilomita 1,500: Mbeya, Kasumulu, Karonga, Mzuzu, mpaka dukani. Mzigo ni wake, lori ni la mtu mwingine, na si ajabu matairi yakawa ya mtumba. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliposhusha thamani ya kwacha, dola moja ilitoka takriban kwacha 1,180 hadi 1,700. Tangu hapo mwenye lori ana kila sababu ya kulisukuma tairi la zamani hadi mwisho.

Shida ni kwamba mpira unaoonekana si tairi lote. Ndani mna nyuzi na nyaya za chuma zilizoshikamanishwa tabaka juu ya tabaka. Lori likikimbia na upepo mdogo, ubavu hujikunja, joto hupanda, tabaka huanza kuachana. Likijazwa upepo na kupakwa rangi nyeusi, kashata zikiwa bado ndefu, nani atajua? Tarakimu nne za ubavuni (2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019) hutaja umri tu, hazitaji mateso. Hata kiwandani huponyoka: Agosti 2000 Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, baada ya kashata kubanduka gari likiwa mwendoni.

Njia wanayoifuata wahandisi ni ya kale kuliko gari. Anayenunua chungu hukigonga kwanza. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Mafundi wa ndege nao hugonga kwa nyundo ndogo vyombo vya nyuzi na gundi, kama vile vinavyofanya karibu nusu ya uzito wa Boeing 787. Sehemu iliyolegea ndani hutetemeka polepole zaidi na kuzimika upesi. Kompyuta ikilishwa mitetemo ya vitu vizima hujifunza uzima unavyolia, kisha hukionesha kinacholia tofauti.

Kwa tairi la barabarani kazi ni ngumu zaidi, maana upepo, joto na mzigo navyo hubadili mtetemo. Programu iliyofunzwa kwa matairi mapya na lami ya Ulaya ikiletwa Karonga itapiga kelele bure au, mbaya zaidi, itanyamaza. Inahitaji mifano ya huku: mtetemo urekodiwe, kisha tairi likatwe ili fundi aoneshe tabaka zilipoachana. Matairi ya kukata hayakosekani; yamerundikwa nyuma ya vibanda vya mafundi pancha.

Wa kuikusanya mifano hiyo nao wapo. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilipangiwa watu wasiozidi 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Miongoni mwao wamo vijana waliojifunzia humo humo kuandika programu, na wengi wao huzungumza Kiswahili, lugha ya madereva wa Tanzania. Kipimo cha mtikisiko kimo hata ndani ya simu ya kawaida. Kinachowafunga ni ruhusa ya kutoka: agizo la 2023 la kuwarudisha wakimbizi kambini liliwaondoa wengi Lilongwe, wenye maduka wakiwemo.

Kwa sasa mwenye mzigo ana mkataba wa kukodi lori tu. Anaweza kudai tarakimu za kila tairi ziandikwe humo kabla ya kupakia, na dereva alazimike kusimama usukani ukianza kutetemeka kwenye lami nzuri.