Kufanana kwa Sauti Si Ukoo

Kila Jumapili huko Mwaya, katika ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, Wakristo hufunga sala kwa neno "Ameni". Asili yake ni Kiebrania. Lilipita katika Kiyunani na Kilatini, likaingia Kijerumani, na wamisionari wa Berlin na wa Moravia waliofika kwa Wanyakyusa mwaka 1891 walikuja nalo. Hapana mwenye akili atakayenena kwamba kwa hiyo Wanyakyusa ni uzao wa Yakobo. Walakini wapo wanaojenga hoja ya namna hiyo juu ya lugha nyingine, nao husikilizwa.

Hao huliweka neno la Kiebrania "eretz" kando ya "Erde" la Kijerumani, yote mawili yakiwa na maana ya nchi, wakatangaza udugu. Kwa kipimo hicho "ardhi" ya Kiswahili, iliyotoka Kiarabu, ingewafanya Waswahili kuwa Wajerumani! Theo Vennemann alikuwa mwangalifu zaidi: alidai kwamba Wasemiti wa kale waliacha athari katika lugha za jamaa ya Kijerumani. Hilo ni dai la mkopo, si la ukoo, wala wataalamu walio wengi hawakulikubali.

Pana mahali Kiebrania na Kijerumani vilipokutana kwa yakini, napo ni katika Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Huandikwa kwa herufi za Kiebrania, na maneno ya Kiebrania yamejaa ndani yake. Mifupa yake ni ya Kijerumani. Neno lake "shul", yaani nyumba ya sala, ni ndugu wa "Schule", lililowapa Waswahili "shule". Apimaye kwa sikio tu angeapa kuwa shule ni neno la Musa.

Ukoo huthibitishwa kwa sauti zinazojibizana kwa kanuni. Mswahili ana cheka, jicho, chini; Mnyakyusa ana seka, iliso, pasi. Penye ch pana s, tena katika maneno ambayo watu hawana haja ya kuyaazima. Carl Meinhof alipochapisha kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, Kinyakyusa, alichokiita Kikonde, kilikuwa miongoni mwa lugha chache alizozichagua kuonyesha kanuni hizo.

Meinhof huyo huyo aliiacha mizani yake mwaka 1912. Katika kitabu chake cha lugha za "Kihamu" alikusanya pamoja Kifula, Kimasai na Kinama, akichanganya lugha na dhana za rangi na ufugaji. Joseph Greenberg alizitenganisha tena katika kitabu chake cha mwaka 1963; lakini kwa muda huo Waafrika walikwisha kufundishwa kwamba kila jema walilo nalo lilitoka kwa wageni.

Hiyo ndiyo hasara ya mchezo wa maneno. Mwanafunzi wa Mwaya anayetafuta Uebrania katika lugha ya mama yake huitafutia heshima ya kuazima, ilhali yake anayo. Basi yeyote atakayeleta mbele ya wanachuo jozi za maneno yaliyofanana aulizwe kwanza kanuni ya sauti; akikosa, jozi zake zirudishwe.