Maziwa Tanganyika na Kivu: meli kubwa zilikuja juu ya nani?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilitoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiwa wanaiangalia kutoka ufuko. Ilibeba abiria kupita uwezo wake. Makumi ya watu walikufa. Barabara ya Goma–Minova ilikuwa imekatwa na vita tangu mwanzo wa mwaka ule, kwa hiyo mama mwenye kuuzisha maharagi na mwanafunzi mwenye kurudi kwao walibaki na njia moja tu: maji.

Kila ajali inaleta maneno yale yale: boti ilijaa, upepo ulikuwa mkali, jile hazikuwa. Hayo yote ni kweli. Lakini tuko na swali lingine: namna gani, zaidi ya miaka 100 kisha meli kubwa ya chuma kuingia mu Ziwa Tanganyika, wakaaji wetu wangali wanasafiri juu ya mbao, wakikaa kwa mifuko ya makala?

Turudi kidogo nyuma. Mwaka wa 1858, Mwingereza Speke alivuka toka Ujiji kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, upande wetu wa magharibi, kusudi aombe jahazi la mfanyabiashara mwarabu Hamed bin Sulayyim. Hakulipata. Jahazi lilikuwa kitu cha bei sana. Lilibeba pembe za ndovu, na lilibeba watu waliokamatwa watumwa. Kumbe tangu mwanzo chombo kikubwa kilikuwa cha mali, hakikuwa cha msafiri wa kawaida.

Kisha matanga ya upepo, moshi ukaingia. Mwaka wa 1885 wamisionari Waingereza waliweka majini meli ndogo ya mvuke, Good News, kusini mwa ziwa. Wajerumani walileta Hedwig von Wissmann mwaka wa 1900. Wabelgiji walikuwa na Alexandre Delcommune, na vita ilipoanza mu Agosti 1914, ile meli ya Wajerumani iliipiga na kuiharibu.

Waingereza wakajibu kwa njia ya ajabu. Boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba, zikashuka mtoni Lualaba mpaka Kabalo, halafu treni tena mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Wafanyakazi Waafrika ndio walikata pori na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 boti zile zilikamata meli Kingani ya Wajerumani. Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann.

Meli kubwa kuliko zote ilikuwa Graf von Goetzen, urefu wake mita 71. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafiri kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa treni mpaka Kigoma. Iliingia majini mwaka wa 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini walipaka injini mafuta kwanza. Waingereza waliitoa chini mwaka wa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Hapa kuna somo la kwanza. Nyuma ya kila meli kubwa kulikuwa na treni, bandari, fundi na mfuko wa serikali. Wakati wa Wabelgiji, shaba ya Katanga ilifika Kalemie kwa treni kupitia Kabalo, ikavuka ziwa mpaka Kigoma, ikashuka Dar es Salaam. Njia ilitunzwa juu shaba ililipa. Reli ikichoka na bandari ikikosa matengenezo, hata meli nzuri inabaki chuma tu.

Somo la pili: meli zilikuja juu ya vita na mali. Lakini chombo kile kile kinaweza kutumikia watu. Mwaka wa 1997 Liemba ilirudisha wakimbizi Wakongomani kutoka Kigoma. Mwaka wa 2015 ilitoa wakimbizi Warundi Kagunga na kuwapeleka Kigoma. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na wenye kulipa na wenye kupanga safari.

Kwetu, pengo lile limejazwa na wenye boti za mbao. Tusiwatukane bure: bila wao Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie zingekosa chakula. Lakini hesabu ya safari ni wazi. Kila abiria anayeongezwa ni faida ya mwenye boti, na pale bandarini hakuna anayepoteza kitu akimuachilia kupanda. Aprili 2019, kisha ajali ya karibu na Kalehe, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba jile ni lazima kwa kila abiria. Miaka tano na nusu nyuma ya hapo, Merdi ikazama. Amri bila mwenye kuhesabu watu na mwenye kulipwa vizuri kwa kazi ile, inabaki karatasi.

Kungoja meli mpya ya mita 71 kunaweza kuchukua miaka. Lakini kuna mambo yasiyoomba mamilioni: mstari wa rangi ubavuni mwa boti, ukizama chini ya maji boti haitoki; liste ya abiria yenye kubaki ufukoni, si ndani ya boti; mizigo mizito isafiri peke yake; na mtu wa bandari mwenye haki ya kusema "leo hapana" upepo ukiwa mbaya, bila kuogopa simu ya mkubwa yeyote.

Na barabara. Siku yenye barabara imefungwa, boti itajaa tu, hata sheria iwe nzuri namna gani. Kwa hiyo usalama wa ziwa unaanzia pia nchi kavu. Wewe mkaaji wa Idjwi, Kalehe, Fizi ao Moba, kabla ya kupanda uliza: liste iko wapi, na nani ameishika?