Msitutengenezee programu nyingine, wekeni mlango kwenye hii tuliyonayo

Vijana wenzetu, na nyinyi dada na kaka mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tunataka kuongea kuhusu faili. Ndiyo, faili. Notsi za shule, video za mafunzo, sauti za wahudumu wa afya, fomu, picha za vyeti. Hivyo ndivyo vitu ambavyo sisi wakimbizi tunaoishi mjini, hapa Kimironko, na wenzetu walio kambini Mahama, tunapeana kila siku kutoka simu hadi simu.

Wengi wetu tunapeana bila intaneti, kwa sababu MB ni pesa. Video ya somo ya MB 200 ukiituma mtandaoni, wewe unalipa na anayepokea analipa. Wakiwa kumi, kila mmoja anatoa faranga zake. Lakini simu mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata kama hiyo Wi-Fi haina intaneti yoyote nyuma yake, faili inapita bure.

Zamani vijana wengi walitumia SHAREit. Mwezi wa pili mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza kwamba toleo lake la Android lina matundu ambayo mtu mbaya angeweza kuyatumia kuchukua taarifa za mwenye simu. Ndio maana kundi letu linapenda LocalSend. Haina matangazo, haikuombi namba wala akaunti, na inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Tena ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha.

Sasa shida iko wapi? Programu hiyo inafanya kazi moja, kupeleka faili kama ilivyo. Sisi tunahitaji kidogo zaidi. Tunahitaji video ipunguzwe ukubwa kabla haijaenda kwenye simu ya mama ambayo imeshajaa. Tunahitaji notsi zikifika zipangwe kwa somo na darasa, sio kubaki na majina ya namba namba.

Na kuna hili ambalo sio mchezo. Picha nyingi za simu, kama mwenyewe hajazima kipimo cha mahali, zinabeba ndani yake alama ya pale zilipopigwa. Ukiituma picha kama faili, alama inasafiri nayo. Kwa mtu mwingine hiyo ni kitu kidogo. Kwa mtu aliyekimbia watu wanaomtafuta, ni anwani ya nyumba yake. Tunataka alama hiyo ifutwe yenyewe kabla faili haijatoka, bila kumtegemea bibi wa miaka sabini akumbuke.

Je, watengenezaji waweke yote hayo ndani ya programu? Hapana. Kila kundi duniani lina mahitaji yake, na yakiingizwa yote programu itakuwa nzito hadi simu zetu ziikatae. Jibu ni kile ambacho wataalamu wanaita programu-jalizi, sisi tunasema plagini.

Plagini ni kama kitu unachochomeka kwenye soketi ya umeme. Mwenye nyumba anaweka soketi mara moja, hakuulizi kama utachomeka redio au pasi. Kwenye programu ya kutumiana faili, soketi ni zile dakika muhimu: faili inataka kutoka, faili imefika, mtu mpya ameonekana. Programu inatoa taarifa, plagini inasikia, inafanya kazi yake ndogo, inarudisha faili. Moyo wa programu haujaguswa.

Kuna watakaosema: si iko huria? Chukueni msimbo mbadilishe. Tuseme ukweli. Kunakili programu nzima maana yake ni kuijenga upya, kuiweka kwenye kila simu, na kila wakitoa toleo jipya uanze tena. Kijana aliyemaliza sekondari, anayejifunza kwa laptopu ya kuazima, hawezi kubeba mzigo huo. Lakini mistari hamsini ya plagini anaiweza. Programu huria bila soketi iko wazi kwa injinia tu.

Na hatuombi kitu cha ajabu. Kolibri, programu huria ya masomo inayofanya kazi bila intaneti na ambayo imewafikia hata wanafunzi wa kambi ya Kakuma kule Kenya, imejengwa hivyo. Ukurasa wa mwanafunzi ni plagini, ukurasa wa mwalimu ni plagini, na usichohitaji unakizima. Nextcloud, ya kuhifadhi na kugawana faili, inaongezewa kalenda na mengine kwa njia hiyohiyo.

Lakini mlango bila kufuli ni hatari, na sisi ndio tutaumia wa kwanza. Plagini mbaya inaweza kunakili vitambulisho vya familia nzima. Firefox iliwahi kuruhusu viendelezi vyake viguse karibu kila kitu. Mwezi wa 11 mwaka 2017, kwenye toleo la 57, iliachana na mfumo huo na kubaki na ule ambao kiendelezi kinaomba ruhusa. Viendelezi vingi vya zamani vilikufa siku hiyo. Bora kuweka kufuli tangu mwanzo. Kwa hiyo tunataka: plagini isiguse intaneti bila ruhusa, ioneshe wazi inachosoma, isiwake mpaka mwenye simu aiwashe, na iweze kusakinishwa bila MB, kutoka kwa mwenzako.

Kwenye simu kuna kikwazo kingine. Apple na Google zinabana programu zinazopakua msimbo kutoka nje ya maduka yao. Kwa hiyo tuanze na kompyuta. Laptopu moja kwenye kituo cha vijana inapokea faili, plagini inapunguza video na kufuta alama ya mahali, halafu laptopu inagawa kwa simu. Simu hazibadilishwi kitu.

Sasa nyinyi wa mashirika. Tuliwahi kuletewa programu mpya kabisa. Tulifundishwa siku mbili, tukapewa fulana, tukapiga picha ya pamoja. Mradi ulipoisha seva ikazimwa, na notsi tulizoweka mle zikaenda nayo. Fulana tunazo mpaka leo. Tunaomba, kabla hamjaandika mradi wa programu mpya, ulizeni kama kuna programu huria inayokaribia kazi hiyo. Pesa za kujenga kutoka sifuri, chukueni sehemu mwalipe watu wanaoitunza ili waweke soketi. Sehemu nyingine muwalipe vijana wa hapa kuandika plagini na kuzijaribu kwenye simu tunazotumia kweli, sio zile za ofisini. Mkiondoka, kazi itabaki.

Na sisi vijana tusisubiri. Wenye programu hawawezi kujua shida ambayo hatujaiandika. Kila mmoja aandike jambo moja: faili gani, inatoka wapi, inakwama wapi, nani anapata hasara. Anayejua Kinyarwanda, Kirundi au Kifaransa asaidie kutafsiri. Tutaikusanya orodha na kuwapelekea wenye programu kwa jina la kundi. La kwanza kwenye orodha tumeshaliandika: kufuta alama ya mahali kwenye picha. La pili, tuambieni nyinyi.