Vituo vya mtaa vipime mawimbi yao
Pamoja FM ya Kibera na Mtaani Radio ya upande wa Kawangware hutumia masafa yaleyale, 99.9. Mitambo yao ni midogo kwa makusudi, kila kituo kibaki mtaani kwake. Lakini mawimbi hayajui mpaka: nguvu zikikaribiana, msikilizaji wa kijiji cha Raila, Kibera, anaweza kuambulia mkoromo mtupu.

Vituo hivi vinastahili kuwa na kichanganuzi cha masafa cha mkononi, kama tinySA inayoingia mfukoni. Fundi huunganisha antena, akaweka 88 hadi 108 MHz, na kila kituo huchomoza kama kilima. Vilima vikizidi vituo, asikimbilie kumlaumu jirani. Mitambo mikubwa ya Nairobi hukizidi nguvu kifaa kidogo, kikaonyesha mawimbi yasiyokuwepo. Kwenye mipangilio ya kifaa, apunguze nguvu inayoingia kwa desibeli 10: kilima cha uongo kitaporomoka, cha kweli kitabaki palepale.

Hata hivyo, kwenye kioo vituo viwili vya 99.9 ni kilima kimoja. Lazima kimoja kizimwe kwa dakika chache, kingine kipimwe pale Raila, kisha vipokezane. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo ipange zoezi hilo, na matokeo yasomwe hewani.